Suruali za Maseru

Kabla jua halijachomoza, barabara iendayo Thetsane, pembezoni mwa mji wa Maseru, hujaa watu waendao kwa miguu. Wengi wao ni wanawake. Wakati wa baridi hujifunika mablanketi ya sufu, fahari ya Wasotho wote. Na mablanketi hayo yenyewe hufumwa Afrika Kusini. Mgeni atakaye kuielewa Lesotho na aanzie hapo.

Thetsane ni mtaa wa viwanda vya nguo. Humo hushonwa suruali za jinzi ziuzwazo Marekani. Hakuna mshonaji atengenezaye suruali nzima: huyu hushona mfuko, yule mkanda, mwingine pindo, kutwa nzima. Lesotho hailimi pamba ya viwanda hivyo. Zipu, vifungo na vitambaa vingi hutoka Asia. Kiwanda cha kufuma kitambaa cha jinzi kilifunguliwa hapo mwaka 2004, lakini pamba yake nayo huagizwa kutoka nje. Wenye viwanda wengi ni wageni, hasa kutoka Taiwan, China na Afrika Kusini. Mtindo na bei huamuliwa na wanunuzi walio ng'ambo. Kilicho cha Lesotho ni mikono.

Mikono hiyo ilipata kazi kwa sheria ya watu wengine. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo AGOA, iliyoruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Baada ya miaka michache wafanyakazi wa viwanda hivyo walikaribia 50,000. Ilipofika Januari 1, 2005, vizuizi vya dunia juu ya nguo za China na nchi nyingine vikaondolewa. Viwanda kadhaa vya Lesotho havikufunguliwa tena baada ya likizo ya Krismasi.

Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Lesotho. Agosti ukateremshwa hadi asilimia 15. Ule wa 50 haukupata kutozwa, lakini tangazo tu lilitosha: wanunuzi walisimamisha maagizo, na watu wakarudishwa nyumbani. Julai serikali ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya vijana kukosa kazi.

Pigo halikuishia kiwandani. Karibu na viwanda hivyo zimejengwa safu za vyumba vya kupanga, wenyeji huziita malaene. Mshahara wa mshonaji ndio uliokuwa kodi ya mwenye chumba, na ndio uliomlipa mama auzaye chakula langoni.