Kifundo Alichokigusa Kijana



Katika ukumbi wetu wa mafundisho hapa Makobola, kando ya Ziwa Tanganyika, feni ilianza kuzunguka kwa nguvu zote. Tulikizungusha kifundo cha kupunguzia kasi hadi mwisho, lakini haikutii. Karatasi za somo zilitawanyika sakafuni. Kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyeonekana wa mwisho akikigusa kifundo hicho. Mbele ya wenzake tulimwambia kwamba ameiharibu, tukamnyang'anya ufunguo wa ukumbi. Hakujibu neno. Majuma matatu hakuonekana mazoezini.

Sisi ni walimu. Katika masomo ya ualimu tulifundishwa kutotoa alama kabla ya kusoma daftari. Hata hivyo tulimhukumu mtoto wa watu kwa sababu tu mkono wake ulionekana mwisho. Tena tulifanya hivyo Makobola, ambako mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999 raia wasio na hatia waliuawa kwa wingi. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa ubaya wa kumlipiza mtu kosa asilolitenda.

Siku tulipoamua kuitengeneza, tulizima jenereta na kuchomoa nyaya. Kwanza tuliyasukuma mapanga ya feni kwa mkono. Yalizunguka laini, bila kukwaruza. Kisha tukafungua kisanduku cha ukutani. Chini ya kifundo mna kipingamizi kinachobadilika. Tuliifungua miguu yake, tukakipima kwa mita huku tukikizungusha polepole. Namba zilipanda na kushuka kwa utaratibu. Kitu pekee alichokigusa kijana kilikuwa kizima.

Ilibaki triaki, kipande kidogo chenye miguu mitatu, ambacho huukata na kuupitisha umeme mara nyingi kila sekunde ili feni ipate sehemu tu ya nguvu. Tulipima kati ya miguu yake miwili mikuu, kisha tukageuza nyaya za mita. Kwa pande zote mbili umeme ulipita karibu bila kizuizi. Triaki ilikuwa imeungana ndani. Haikuweza tena kukata chochote.

Kipande kama hicho huharibiwa na joto kali au na umeme unaopanda ghafla. Ndipo tukatazamana. Ni sisi wenyewe tuliokuwa na desturi ya kuwasha jenereta huku swichi ya feni ikiwa imeachwa wazi. Mita haitaji jina la mkosaji, wala hatuwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu. Lakini kijana hakuwa na sehemu yoyote katika hilo.

Tuliweka triaki nyingine ya kiwango kilekile. Siku hizi tunaiacha jenereta itulie kwanza, ndipo tunawasha feni.

Kuomba msamaha kulikuwa kugumu zaidi. Kwa kuwa tulimshutumu hadharani, hatukuona haki kumwendea faraghani tu. Tulisimama mbele ya kwaya nzima, tukakiri kosa letu, tukamrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akaomba tumwonyeshe jinsi mita inavyosomwa.

Vijana wetu, katika vikundi vyenu kitu kitavunjika, au fedha zitapungua. Kabla ya kutaja jina la mtu, fungueni kwanza kisanduku. Na kama mmekwisha kulitaja mbele ya watu, lisafisheni mbele ya watu walewale.