Tulimshuku shofere, kumbe ni bomba la moshi

Juma hili tunaomba nafasi ya kusema jambo ambalo tulipaswa kulisema mapema. Linahusu gari la chama chetu, taa moja ndogo ya manjano, pesa za sanduku, na kijana mmoja ambaye tulimkosea. Wengi wenu mlisikia nusu ya habari hii kwenye soko la Kenya au mlangoni mwa kanisa. Leo tunaitoa nzima.

Gari mnalijua. Ni la mwaka 2003, lilitoka Japani likapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, na lilipotufikia hapa Lubumbashi lilikuwa limekwisha kuzeeka. Tulilinunua kwa michango ya miaka mitatu. Mchana linabeba mboga na mifuko ya unga kutoka upande wa Kipushi. Usiku linabeba mama aliyeshikwa na uchungu, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyotufanya tulinunue. Shofere wetu ni mtoto wa mwenzetu. Alikuwa analala na simu karibu na kichwa, na hatukumbuki usiku hata mmoja aliokataa kuamka.

Mvua zilipoanza, taa ya manjano yenye picha ya moteri iliwaka kwenye tablo. Tulikwenda garaji. Fundi alichomeka mashine ya kusoma makosa, ikaandika P0131. Akatuambia: "Ni sonda ya oksijeni, wamama. Umeme wake uko chini. Badilisheni." Tulilipa dola 45, zaidi ya michango yetu ya wiki mbili. Taa ikazimika. Siku ya nne ikawaka tena.

Tukaenda garaji ya pili. Mashine ikaandika namba ile ile. Fundi akasema tumeuziwa piesi ya bandia. Tukalipa dola 38 nyingine. Safari hii taa ilikaa wiki moja, kisha ikarudi. Hapo tulichoka. Tunaona haya kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa: tulikata kipande cha skochi nyeusi tukakibandika juu ya taa. Kwa kuwa gari lilitembea, tulijiambia hakuna shida.

Shida ilikuwapo. Zamani lita 20 za esansi zilitupeleka Kipushi na kuturudisha mara tatu, na kitu kidogo kikabaki. Sasa zilitosha mara mbili, ya tatu tukisukuma. Mama mtunza sanduku alisoma hesabu mbele ya mkutano, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mmoja alisikia: "Esansi haikimbii peke yake. Kuna mtu anaiuza."

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Mama wa yule kijana alikuwa amekaa katikati yetu, na aliinamisha kichwa. Kesho yake asubuhi kijana alileta ufunguo, akauweka juu ya meza. Alisema neno moja tu: "Mama, mimi sikuiba." Tukaupokea ufunguo. Hatukumjibu.

Gari lilisimama usiku kwa wiki tatu. Katika wiki hizo mama mmoja wa mtaa wetu alipelekwa hospitali kwa pikipiki, uchungu umekolea, mvua inanyesha, dada yake amemshikilia kwa nyuma. Alifika, na mtoto yuko salama. Lakini tuliponunua gari lile tuliahidi kwamba mama wa kwetu hatapanda pikipiki tena akiwa katika hali ile.

Tukatafuta shofere mwingine wa mchana. Safari hii tuliweka sheria: mmoja wetu atakaa mbele na daftari. Ataandika kilometa wakati wa kutia esansi, na ataandika tena wakati wa kutia nyingine. Gari halisimami popote bila yeye kuona. Tulifanya hivyo kwa siku nane, kwa zamu. Tulipojumlisha, lita 20 ziliisha pale pale zilipokuwa zikiisha kwa kijana wetu. Shofere alikuwa mwingine, sisi wenyewe tulikuwa tumekaa ndani ya gari, na esansi ilipotea vile vile.

Mama mtunza sanduku alifunga daftari akasema, "Basi mwizi ni gari lenyewe." Hakuna aliyecheka.

Ndipo tukaenda kwa mzee mmoja fundi, anayefanya kazi chini ya mwembe huko Katuba. Huyu hakukimbilia mashine. Aliuliza kwanza. Taa ilianza lini? Kabla ya hapo gari lilipata nini? Asubuhi likiwa baridi linalia namna gani? Tulikumbuka kwamba siku chache kabla ya taa kuwaka, gari liligonga jiwe kubwa katika njia ya Kipushi. Na asubuhi, kweli, lilikuwa linatoa mlio wa tik-tik ambao unapungua moteri ikipata joto. Tulikuwa tumeuzoea.

Kisha akafungua buji, zile zinazotoa cheche za kuwasha esansi ndani ya moteri. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, kama chini ya sufuria. Akazipanga juu ya kitambaa, akatuambia: "Wamama, tazameni. Kompyuta ya gari inasema esansi ni kidogo. Buji zinasema esansi ni nyingi. Hawa wawili hawawezi kusema kweli wote. Mmoja amedanganywa."

Tulimwomba atueleze vizuri, na alieleza kwa maneno ya jikoni. Sonda, alisema, ni mwonjaji wa mchuzi. Imefungwa kwenye bomba la moshi karibu na moteri, na kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi. Si chombo kipya. Kiwanda cha Bosch kilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976. Esansi inaungua sawasawa ikipata hewa kilo 14.7 hivi kwa kilo moja ya esansi. Oksijeni ikibaki nyingi katika moshi, ni alama kwamba esansi ilipungua, na sonda ya namna ya gari letu inatoa umeme mdogo, kama volti 0.1. Oksijeni ikiwa karibu imekwisha, esansi ilizidi, na sonda inatoa kama volti 0.9. Gari zima lililopata joto linaonyesha namba inayopanda na kushuka bila kukoma, kwa sababu kompyuta inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, kama mama anayerekebisha chumvi.

"Sasa," akasema, "kama mtu anamwaga maji ndani ya kijiko cha mwonjaji, atasema nini? Atasema chumvi haipo. Na mpishi ataongeza chumvi, ataongeza tena, mpaka sombe yote iharibike. Mtabadilisha mwonjaji mara ngapi?"

Alileta kipima umeme na kukiunga kwenye waya wa sonda, moteri ikiwa imepata joto, kwa sababu sonda haifanyi kazi mpaka ifikie joto la digrii 300 hivi. Namba ilikaa chini, karibu 0.1. Akapulizia dawa ya kusafishia injini mahali hewa inapoingilia. Dawa ile inaungua kama esansi. Mara moja namba ikaruka hadi 0.8, kisha ikaanguka tena. "Inasikia, na inajibu haraka," akasema. "Haijafa. Kuna hewa inayoingia pasipo pake." Akakagua mipira inayopeleka hewa kwenye moteri, mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliopasuka. Akatuambia tuliache gari lilale hapo, tena tumletee sabuni.

Sabuni tunayo, tunaitengeneza sisi wenyewe. Asubuhi, moteri ikiwa baridi, aliingiza mpira wa upepo nyuma katika bomba la moshi, akaziba kando kwa vitambaa, akafungua upepo kidogo tu. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye bomba kuanzia kwenye moteri. Tuliinama wote. Kama kiganja kimoja hivi kabla ya kufikia sonda, chini ya kifuniko cha bati, povu lilianza kuchemka. Alipopangusa tuliona ufa mwembamba, urefu wa kucha ya kidole gumba. Na kile kipande cha kuziba pale bomba linapoungana na moteri kilikuwa kimeungua upande mmoja.

Tuliuliza: kama kuna ufa, si moshi ndio unaotoka? Hewa inaingiaje? Akasema moshi hautoki kwa mkondo mmoja kama maji. Unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo bomba linavuta pumzi, na hewa ya nje inaingia kwa ule ufa. Sonda iliyo karibu inaionja hewa hiyo, inasema oksijeni ni nyingi, na kompyuta inamwaga esansi. Ndiko esansi yetu ilikokuwa ikienda.

Kisha akasema neno lililotuogofya kuliko hasara ya pesa. Moshi nao ulikuwa unatoka hapo, mbele, chini ya miguu ya abiria, na moshi wa gari linalokunywa esansi nyingi una gesi nyingi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, analegea. Kwa mama mwenye mimba ni mbaya zaidi, maana mtoto tumboni anaishi kwa damu ya mama. Tukatazamana. Mara ngapi tuliteremka garini na kichwa kinauma, tukasema ni jua, ni njaa, ni uchovu? Na usiku tulifunga vioo ili mgonjwa asipigwe na baridi. Fundi alitukataza kubeba mtu hata mmoja mpaka bomba lizibwe.

Alichomelea ufa, akaweka kipande kipya cha kuziba, akasafisha buji. Tulilipa dola 16 kwa kila kitu. Alifuta kosa kwa mashine, tukabandua ile skochi, tukaenda Kipushi na kurudi. Ni miezi miwili sasa, taa haijawaka. Lita 20 zinakwenda safari zake tatu. Zile sonda mbili zilizotolewa alizipima pia. Ya kwanza, iliyokuja na gari, ilikuwa imechoka kweli, lakini siyo iliyowasha taa. Ya pili, ile iliyoitwa bandia, ni nzima kabisa. Iko ndani ya sanduku, imefungwa katika kitambaa.

Kulikuwa bado na kazi moja, na hiyo haikuwa ya fundi.

Tulikwenda saba, jioni, nyumbani kwa mama wa kijana wetu. Hatukutuma mtu. Mwenyekiti wetu alisema mbele ya baba, mama na wadogo zake kwamba tulimhukumu mtoto wao bila kupima, na kwamba tunaomba msamaha. Yule aliyesema "kuna mtu anaiuza" naye alisema kwa mdomo wake. Tulilipa mshahara wa wiki tatu alizokaa bila kazi. Mkutano uliofuata tulimrudishia ufunguo mbele ya wote, maana aliaibishwa mbele ya wote.

Mama yake alilia. Kijana hakulia, wala hakufurahi sana. Aliuchukua ufunguo, akaomba jambo moja: daftari libaki ndani ya gari siku zote. "Siku nyingine mkiwa na shaka," alisema, "someni kwanza." Hatukuwa na la kujibu. Daftari liko garini hadi leo, na yeye ndiye anayeliandika kwa mwandiko mzuri kutushinda.

Kwa vyama vyenye gari, haya ndiyo tuliyoyapatana, na mkiyataka yachukueni. Andikeni kilometa na lita kila mnapotia esansi. Taa ikiwaka, andikeni siku, na gari lilipata nini kabla yake. Fundi akisoma namba kwenye mashine, mwulizeni: umepima nini kinachoonyesha kwamba piesi hii imekufa? Fundi mwema hakasiriki akiulizwa. Kabla ya kununua sonda, ombeni bomba la moshi likaguliwe, tangu kwenye moteri mpaka sonda, gari likiwa baridi. Piesi ya zamani rudini nayo nyumbani. Mlio mpya msiuzoee. Na mtu akiumwa kichwa ndani ya gari, fungueni vioo, simamisheni gari, wote wateremke.

Kuhusu skochi nyeusi, tuliitupa.

Gari liko tayari usiku. Namba ya shofere ni ile ile ya zamani. Mpigieni bila woga, na akifika, msalimieni vizuri.