PhD ya rangi

Haya wadau, wiki hii hapa bwenini hakuna mada nyingine: mimi na PhD yangu ya rangi. Washkaji wanacheka. "Rangi ipi, ya kupaka nyumba?" Jamani! Kuna vyuo Ulaya vinatafuta watu wa kusoma jinsi jicho la binadamu linavyoona rangi na jinsi kamera ya dijitali inavyojaribu kuliiga. Naandika andiko la kuombea nafasi, na utafiti wangu nataka niufanyie kwetu Bagamoyo.

Ukitaka kuitesa kamera, nenda pale soko la samaki ufukweni saa saba mchana. Mchanga unawaka, na shangazi yangu, mweusi tii kama ukoo wetu mzima, kasimama na ndoo yake. Simu yangu inachagua moja: ama mchanga utoke vizuri na shangazi awe kivuli kilichovaa kanga, ama shangazi aonekane na bahari yote igeuke karatasi nyeupe. Jicho langu linawaona wote bila taabu.

Tusilisingizie jua peke yake. Enzi za filamu, maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa! Halafu kuna Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, aliyepata hataza mwaka 1976. Kwenye kila vichujio vinne alivyopanga juu ya kihisi cha kamera, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha bluu, maana jicho letu hushika mwanga zaidi upande wa kijani. Yaani kamera imejengwa juu ya elimu ya jicho. Hapo ndipo niliponogewa.

Sasa sikieni hii. Mwaka 2015 Lindsey, Brown, Brainard na Apicella walichapisha utafiti wao kwa Wahadzabe, hapa hapa Tanzania. Waliwaonyesha vipande 23 vya rangi. Wengi walikubaliana kwenye cheusi, cheupe na chekundu; vingine, jibu la "sijui" lilikuwa jingi. Si kwamba hawaoni, macho wanayo! Nikakigeukia Kiswahili chetu: mchanga mweupe, jiwe jeusi, ndoo nyekundu. Hizo tatu tu ndizo zinazobeba viambishi. Nyingi kati ya zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, manjano ni ile ya jikoni. Berlin na Kay walikiweka Kiswahili kati ya lugha 20 za kitabu chao cha mwaka 1969, lakini wengi wa waliohojiwa walikuwa wakiishi maeneo ya San Francisco. San Francisco, bwana! Pwani yenyewe ipo huku.

Kwa hiyo nataka kuwauliza wavuvi, wauza kanga na wachoraji wa TaSUBa: Ruvu ukishusha tope wakati wa masika, maji yale unayaitaje? Bluu inaishia wapi, kijani kinaanzia wapi? Kisha niwape picha kadhaa za mtu mmoja, wachague ipi ndiyo ngozi yake kweli. Mwalimu mmoja kaniambia hiyo si fizikia, ni isimu. Mimi naona ni vyote, na naliandika hivyo hivyo, wakinikataa wanikatae.

Kazi ipo nyumbani. Mama anauliza ajira lini, na wadogo zangu wawili wanasubiri ada. Shangazi ndiyo kabisa: "We mwana, rangi gani hiyo isiyo na mshahara?" Nimemwambia nafasi hizi zina posho kila mwezi. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataonekana kwenye hiyo picha.

Jumamosi naenda kujaribu maswali. Mwenye kanga za rangi rangi, hata chakavu, aziache chumbani kwangu kabla ya Ijumaa usiku. Nitazirudisha zimefuliwa.