Kongé ya theluji bila kwenda Ulaya

Wamama, watoto wameona kwenye televisheni wazungu wakiteleza juu ya theluji, sasa wanatuomba. Kule jamaa hulipia ski, buti, hata kupandishwa mlimani. Sisi wa Mulekera tuna Ruwenzori upande wa mashariki, mita 5109. Watu hupandia Mutwanga, lakini kwa usalama uliopo hatupeleki watoto barabara ile. Tuwapeleke mahali palipoinuka hapa mtaani, asubuhi na mapema au jioni mvua ikikatika, kabla mawingu hayajafunika. Triko ya mitumba, chai, mandazi, basi. Kuteleza? Ganda la mgomba kwenye majani yaliyolowa, na suruali kuukuu! Ila tusichelewe: mwaka 1906 barafu ya mlima ule ilienea karibu kilomita za mraba 6,5, mwaka 2003 ilibaki chini ya 1.