Binti Asiyetaja Jina Lake



Wapendwa waamini, juma hili naomba mnivumilie nizungumze juu ya muziki usio wa kwaya zetu. Padre mwenzangu aliyerejea kutoka masomoni Ulaya aliniachia sanduku la CD, kwa kuwa hakuwa tena na mahali pa kuziweka. Humo nilikuta bendi ambazo sikuwa nimepata kuzisikia: Marillion, IQ, Pendragon, Twelfth Night. Wajuzi huuita muziki wao roki ya neo-progresivu.

Chimbuko lake ni Uingereza. Katika miaka ya 1970 bendi kama Genesis na Yes zilitunga nyimbo ndefu, zenye vinanda vingi na mapigo yanayobadilika-badilika. Kisha ukaja muziki wa panki, mfupi na wa hasira, na nyimbo ndefu zikawa kitu cha kuchekwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wachache walizirudia bila kuona haya. Marillion, waliotokea mji wa Aylesbury, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1983. Ile ya tatu, Misplaced Childhood ya mwaka 1985, ilishika nafasi ya kwanza katika chati za Uingereza. Wimbo huingia ndani ya wimbo, na mtu mwenye haraka hapati kitu humo.

Nilipofika kwenye Brave, albamu yao ya mwaka 1994, nilikwama. Mwimbaji wao, Steve Hogarth, alikuwa amesikia redioni tangazo la polisi: msichana ameonekana akitangatanga kwenye daraja la Severn, hasemi yeye ni nani, anayemfahamu ajitokeze. Bendi ikabuni maisha ambayo yangeweza kumfikisha binti kama huyo pale darajani. Ni zaidi ya dakika 70 za kumsikiliza mtu mmoja aliyenyamaza.

Katika santuri za toleo la kwanza, upande wa mwisho ulichongwa njia mbili sambamba. Sindano ikiangukia njia moja, binti anaokoka na kuanza maisha mapya. Ikiangukia ya pili, tumaini hilo halipo, na kinachobaki ni sauti ya maji. Msikilizaji hachagui.

Hapo sikubaliani nao, ingawa ubunifu huo ni wa ajabu. Nimepata kukaa barazani na mama ambaye binti yake alirejea kutoka mjini akiwa haneni. (Mama huyo ameniruhusu niseme haya machache.) Katika nyumba ile hakuna kilichoachiwa bahati. Alikuwapo shangazi mtu aliyempelekea uji kila asubuhi na kuketi kando yake bila kumhoji, wiki baada ya wiki, hata siku moja binti akasema uji umepungua sukari. Sisi wengine, nami padre wao nikiwamo, tulikuwa tumejaa maswali. Shangazi hakuwa na hata moja.

Ila kwa sababu hiyohiyo naipenda Brave. Polisi walihitaji jina, na ndivyo kazi yao ilivyo. Wanamuziki wale walitaka kujua ametoka wapi na ameumizwa na nini, wakatumia albamu nzima kuulizia.

Twelfth Night wa mji wa Reading walinishangaza kwa namna nyingine. Katika Fact and Fiction ya mwaka 1982, mwimbaji wao Geoff Mann anawalilia watu wanaolazimishwa wote kuwa sawasawa, kisha wimbo wa mwisho unamgeuza msikilizaji aelekee msalabani. Novemba 1983 aliimba nao maonyesho ya kuagana katika ukumbi wa Marquee, London, na maonyesho hayo yakarekodiwa katika albamu ya Live and Let Live. Baadaye alipata daraja ya ukasisi katika Kanisa Anglikana. Saratani ilimchukua mwaka 1993, kabla hajatimiza miaka 40. Huwa namkumbuka katika Misa ya marehemu wote, mwezi Novemba.

Sanduku la CD lipo ofisini parokiani. Anayetaka kuanza achukue Misplaced Childhood, maana ndiyo nyepesi zaidi. Brave naomba isikilizwe na watu wawili au zaidi pamoja, na isikatizwe katikati.