Kesho Isiyofika

Daktari alipokwisha kunipima shinikizo la damu, aliniagiza nitembee kwa haraka nusu saa, siku tano kila juma. Niliitikia; lakini kila alfajiri nilijiambia, "Kesho." Miezi mitatu ikapita, viatu vikishika vumbi mlangoni. Jioni moja mwanangu aliniuliza iwapo babu naye, kabla ya kupooza, alikuwa akisema kesho. Sikuwa na jibu.

Nikamkumbuka John Stephen Akhwari: katika marathoni ya Olimpiki, Mexico, mwaka 1968, aliumia goti, akafika nyuma ya wote, lakini alifika. Sasa viatu hulala kando ya kitanda. Huvivaa kabla sijatunga udhuru. Nikichoka, napunguza mwendo, sikatishi safari. Nawe usingoje hamu, ndugu yangu. Mara nyingi hutukuta njiani.