Kutoka Bugolobi hadi Mnara wa Entebbe

Barabara ya Port Bell inashuka kutoka Bugolobi hadi ziwani, na pale bandarini, miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji katika safari zake za Uingereza na Afrika ya kusini. Nimekaa jirani na bandari hiyo kwa muda mrefu, lakini uwanja wa zamani wa ndege wa Entebbe sikuwahi kuufikia. Ndipo mimi na wenzangu tukaomba kibali, maana eneo lile liko mikononi mwa jeshi.

Boda ilinifikisha mjini, nikapanda taksi ya Entebbe. Foleni ya Najjanankumbi ilitushika, kisha baada ya Kajjansi na Kisubi gari likapata nafasi ya kukimbia. Entebbe kuna upepo wa ziwa na miti mikubwa. Mtu hutambua mara moja kwa nini serikali ya kikoloni iliweka makao yake hapo. Na uwanja wake ulikuwa na heshima duniani: tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet iliyoanzisha safari za abiria kwa injini za jeti, London hadi Johannesburg, ilipita hapa.

Afande aliyetupokea alizungumza Kiswahili cha jeshini, kile kilichorithiwa tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni. Alitupeleka moja kwa moja kwenye mnara wa kuongozea ndege. Matundu ya risasi bado yapo ukutani, mengine yamekaa pamoja, mengine yametawanyika juu karibu na madirisha. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa baada ya kuondoka Athens, ikaishia hapa kesho yake. Usiku wa kuamkia 4 Julai, makomando wa Israeli walifika na ndege za mizigo aina ya Hercules. Waliwatoa mateka 102, na kabla ya kuondoka wakazichoma ndege za kivita za Uganda aina ya MiG pale zilipoegeshwa, zisije zikawafuata angani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba marubani wetu wa mwanzo walikuwa wamefundishwa na Waisraeli wenyewe, wakarusha Fouga Magister walizoletewa na Israeli, mpaka Rais Idi Amin alipowafukuza walimu wao mwaka 1972 na kugeukia ndege za Kisovyeti. Na bibi Dora Bloch, mateka aliyepelekwa Mulago kutibiwa, aliuawa na watu wa Amin baada ya uvamizi. Doa hilo ni letu.

Mwaka 1979, katika vita vya kumng'oa Amin, majeshi ya Tanzania yaliuteka uwanja huu, tarehe 7 Aprili, na MiG zilizosalia nzima zikarushwa hadi Mwanza. Basi ndege ambazo zingejaza makumbusho yetu ziliteketea au zikavuka ziwa.

Jioni nilishuka Aero Beach, ufukweni, ambako mabodi ya ndege kuukuu yamewekwa watu wapige picha. Watoto walipanda ngazi wakakaa kwenye viti vya marubani, wakashika usukani kwa furaha kubwa. Niliwafurahia. Ila sikumpata mtu wa kuwaeleza ndege ile iliundwa wapi, ilibeba nini, nani aliirusha.

Ningetaka waelezwe. Ningetaka jumba lijengwe kando ya mnara ule, liwe na Fouga moja, MiG moja hata kama ni ya kununuliwa nje, picha ya Comet ya 1952, na ukuta wa majina. Kamanda wa Waisraeli, Yonatan Netanyahu, aliyeuawa usiku ule, jina lake linajulikana dunia nzima. Askari wa Uganda waliokufa wakilinda uwanja wa nchi yao, wengi wao vijana waliopewa amri tu, nao walikuwa na mama zao Arua, Gulu, Jinja, Masaka. Majina yao yaandikwe kwa herufi zilezile, pamoja na la bibi Bloch.